Jibu: Mchezo wa simu wa kufundishia historia Mji Mkongwe

Assalaam alaykum, mwalimu. Umeuliza kama mchezo wa simu unaofuata mahali alipo mchezaji unaweza kuwafundisha wanafunzi wako historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Unaweza, na mimi naupendelea kuliko ziara ya kupanga mstari nyuma ya mwalimu. Kikwazo kikubwa kitakuwa vichochoro vyenyewe, kwa sababu simu hutambua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti, na kuta ndefu zilizobanana huyazuia au kuyaakisi, hata simu ikaonesha kuwa mtoto yuko mtaa wa pili. Kwa hiyo vituo vya mchezo, yaani pale mchezaji anapofika na kupewa swali, viweke penye uwazi, kama Forodhani mbele ya Ngome Kongwe, au kwenye uwanja wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Swali la kila kituo liwe lile ambalo haliwezi kujibiwa bila kutazama kwa macho. Kwa mfano, mwanafunzi ahesabu safu za misumari ya shaba mlangoni, kisha aeleze nakshi alizoziona. Watembee wawili wawili, mmoja ashike simu na mwengine aangalie pikipiki, na ramani ipakuliwe mapema skuli.