Ukungu ndani ya kioo cha kamera: tatizo liko kwenye uoshaji

Mwenye uzi ameuliza kwa nini roboti yake ya mikanda, ya kukagua mabomba ya majitaka, inaota ukungu ndani ya kioo cha kamera ilhali anaiosha kwa mashine ya presha kila ikitoka kazini. Ndugu, mshukiwa wa kwanza ni hiyo mashine.

Kina cha mita 10 za maji ni kama bar 1 tu ya presha. Mashine ya kuoshea hutoa bar 100 na zaidi, na ukiielekeza kwenye sili ya shafti (mpira unaozuia maji kupenya pale mhimili wa gurudumu unapotokea nje) inasukuma mchanga chini ya mdomo wa sili. Mchanga ule hukaa pale na kuchonga mfereji kwenye shafti kila inapozunguka. Pitisha ukucha juu ya shafti: ukihisi mfereji, usibadilishe sili peke yake, maana mpya nayo itavuja. Shafti ibadilishwe, au sili isogezwe ikae sehemu isiyolika, kama muundo unaruhusu.

Osha kabla tope halijakauka. Vaa glavu na miwani, kwa sababu majitaka hubeba vijidudu vya magonjwa kama leptospira na hepatitisi A. Funika konekta kwa vifuniko vyake, kisha tumia mpira wa maji wa kawaida, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya nailoni. Halafu vua mikanda. Wengi hawafanyi hivi, na uchafu mbaya kuliko wote umejificha hapo: nywele, nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyojisokota kwenye shafti nyuma ya gurudumu la meno. Vikikazana hula sili taratibu bila dalili yoyote kwa nje. Vitoe kwa kibanio chenye ncha iliyopinda. Usitumie kisu: kikiteleza mara moja tu, sili imekwisha.

Dawa ya klorini hutoboa aluminiamu vishimo vidogo vidogo. Ukilazimika kuitumia, izimue na suuza vizuri. Kioo cha akriliki usikipake spiriti, kitapasuka nyufa nyembamba. Kimwagie maji kwanza ndipo ukipanguse, la sivyo unasugua mchanga juu yake.

Ukirudisha mikanda, kaza kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Uliolegea huruka meno roboti inapogeuka papo hapo. Uliokazwa mno huua beringi. Andika ampea za mota roboti ikitembea sakafu tambarare ingali nzima, kisha linganisha kila baada ya matengenezo. Namba ikipanda bila mzigo kuongezeka, kuna kitu kinakaba.

Oringi, yaani pete ya mpira inayoziba maungio, itoe kwa kijiti cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Iliyobonyea ikawa bapa itupe. Grisi iwe kidogo tu, kiasi cha kuifanya oringi ing'ae, maana ikizidi inakusanya mchanga. Angalia oringi yako ni ya mpira gani: za nitrili zinakubali grisi ya silikoni, lakini oringi ya silikoni yenyewe huvimba ikipakwa hiyo. Za EPDM, aina nyingine ya mpira, usizipake mafuta ya petroli ya aina yoyote.

Kama roboti yako hujazwa gesi, tumia nitrojeni kavu. Hewa ya kompresa huja na unyevu. Jaza kwa presha ya kitabu, andika na joto la chumba, kisha soma geji kesho yake. Kwenye bar 1 ya geji, joto likishuka nyuzi 10 presha hupungua karibu bar 0.07 bila uvujaji wowote, kwa hiyo usikimbilie kufungua. Ikipungua zaidi ya hapo, paka maji ya sabuni kwenye maungio, shafti na kioo, utafute mapovu.

Kebo ipanguse kwa kitambaa chenye maji wakati inarudi kwenye ngoma. Pini za konekta zikianza kuwa nyeusi ni gesi ya salfa ya majitaka. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme.

Kwa ukungu ulionao sasa, usiirudishe bombani. Ifungue kwenye chumba kikavu, ikaushe kwa joto la chini, weka vifuko vipya vya silika vya kunyonya unyevu na oringi mpya kila ulipofungua, kisha iache na presha usiku kucha. Geji ikisimama, tatizo lilikuwa oringi au unyevu uliofungiwa ndani. Ikishuka, anza na shafti ya upande uliokuwa ukiupiga maji zaidi.