Mkuu usitume hela ya hiyo grafini kabla hujaona Raman na BET

Mkuu hiyo hela USITUME. Unasema muuzaji wa mtandaoni anakupa kilo ya "grafini safi" (kaboni nyembamba mno, ya tabaka moja au machache ya atomi) utengenezee elektrodi za superkapasita, vile vifaa vya kutunza chaji ya umeme, na cheti ameshakutumia, aisee roho imeniuma, sisi tulipigwa hivyo hivyo.

Tulilipa kwanza. Unga ukaja mweusi, mwepesi, umefungwa vizuri, tukachanganya na gundi tukapaka kwenye foili ya alumini, seli zinashika chaji kidogo kuliko zile tulizotengeneza kwa kaboni ya kuchujia maji. Tukalaumu gundi, tukabadilisha elektrolaiti, tukakausha upya, hela inateketea tu kumbe shida ni unga wenyewe. Kuja kuupeleka chuo kimoja wakapima BET, yaani ukubwa wa uso, haukufika hata mita za mraba 20 kwa gramu! Grafini ya tabaka moja kinadharia ni 2,630, na hiyo kaboni ya kuchujia inaweza kupita 1,000 kwa bei chee. Tuliuziwa kinywe (grafaiti) kilichosagwa, madini yaliyojaa ardhini kule Ruangwa, tena tumeyaagiza kwa ndege.

Na kile cheti ndicho kinanipandisha hasira mpaka leo. "Usafi 99%". Usafi wa nini? Wa kaboni! Kinywe nacho ni kaboni, masizi nayo kaboni. Idadi ya tabaka hakuandika popote, na tulipombana akajibu eti hatujui kuchanganya. Mtu kala hela za vijana halafu anawafundisha kukoroga!

Usidhani ni bahati mbaya ya watu wachache. Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walichapisha vipimo vya grafini ya kampuni 60 duniani, nyingi hazikufika hata asilimia 10 ya grafini yenyewe na hakuna iliyovuka 50. Kwa viwango vya ISO mwisho ni tabaka 10, zaidi ya hapo unanunua kinywe chembamba.

Kwahiyo mwambie akupe Raman, yaani kipimo cha leza kinachoonyesha matabaka, ya bechi ile ile utakayotumiwa wewe, siyo picha ya kwenye katalogi. Angalia kilele cha 2D kwenye mchoro wake, pale karibu na 2,700 cm⁻¹: cha tabaka moja kinasimama chembamba pande zote sawa, cha kinywe kinakuwa na bega. Halafu dai BET ya unga mkavu, maana hata grafini nzuri ikikauka vibaya matabaka yanagandana tena na uso wote unapotea. Ukishaona hivyo viwili nunua gramu chache tu, zipimwe upya kwenye maabara isiyomjua muuzaji. Akikataa kuuza sampuli achana naye siku hiyo hiyo.

Mambo ya leseni na soko uliyouliza tutaongea unga ukishapita vipimo. Advansi umeshatuma? Tupia hicho cheti hapa, futa majina, nikuangalizie leo.