Magodoro matatu chini ya ghorofa: yanatosha kumpokea mtu wa stanti?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Mwanza, nimecheza sarakasi tangu shule ya msingi, na samasoti ya mbele na ya nyuma naruka bila shida. Kikundi chetu kinarekodi filamu. Mwongozaji anataka niruke badala ya stelingi kutoka balkoni ya ghorofa ya pili, kama mita 6 hivi. Tumepata magodoro matatu ya inchi 6. Yanatosha? Na je, kazi hii ya stanti mtu anaweza kuishi nayo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hayatoshi. Usiruke, hata kama siku ya kurekodi imeshapangwa na watu wote wamefika.

Nitakueleza sababu kwa hesabu, ili na mwongozaji wako aione. Ukijiachia kutoka mita 6 unakaa hewani kama sekunde 1.1, na unafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa, mwendo wa bodaboda anayekatiza mitaani. Mwendo huo wote lazima uishe ndani ya umbali ambao kile ulichoangukia kinaweza kubonyea. Kwa hiyo chukua kimo ulichoanguka, ugawe kwa umbali wa kubonyea. Magodoro yenu yakipangwa yanafika inchi 18, yaani sentimita 45 hivi. Sponji haibonyei mpaka ikaisha, tuseme itakupa sentimita 30. Mita 6 ukigawa kwa 0.3 unapata 20. Kama una kilo 60, mwili wako utapokea nguvu kama ya kubebeshwa kilo 1,200, na huo ni wastani tu. Sponji huanza kwa ulaini, halafu inagota ghafla, na hapo inapogota ndipo nguvu inapopanda kuliko wastani. Ikishagota inakurusha tena, pengine kuelekea kwenye zege. Tena magodoro yaliyopangwa bila kufungwa huteleza yakaachana, mtu akapita katikati.

Kwa kimo kama hicho, vikundi visivyo na fedha nyingi duniani kote vimetumia maboksi ya karatasi ngumu, yale ya kufungashia bidhaa madukani. Boksi likipondeka limepondeka, halikurudishi juu. Rundo la mita 1 na nusu linaweza kukupa karibu mita nzima ya kusimama, na nguvu ikashuka hadi mara 6 au 7 ya uzito wako. Lakini rundo hilo lina masharti. Maboksi yawe matupu, makavu, ya ukubwa mmoja, na yasiwe yameshakaliwa au kukanyagwa. Unapopanga tabaka la pili, usiache mishono yake ilingane na ya tabaka la kwanza, na kati ya tabaka na tabaka unatandika karatasi ngumu pana, ili mguu au kichwa kisizame kati ya boksi na boksi. Rundo lote linazungushiwa kamba lisisambaratike, juu panafunikwa turubai na godoro jembamba. Baada ya kila mruko unafungua, unatoa yaliyopondeka, unaweka mapya. Nyinyi mko kando ya ziwa: maboksi yaliyolala nje yakapigwa na umande si maboksi tena, yatupeni. Na haya yote nakueleza ili uijue kazi yenyewe. Si ruhusa ya kwenda kujaribu mita 6 wewe na wenzako peke yenu.

Miruko mirefu zaidi hutumia mfuko mkubwa wa hewa unaojazwa kwa feni, wenye matundu ya kutolea hewa mtu anapotua. Nao una hatari zake. A.J. Bakunas, mmoja wa warukaji wakubwa wa Marekani, alifariki mwaka 1978 huko Kentucky, kwenye kazi ya filamu, baada ya mfuko wake kupasuka alipouangukia.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza, na ndilo linalonitia hofu zaidi: utaangukia wapi? Katika ile sekunde 1.1, ukitoka kwenye balkoni kwa hatua ya taratibu, mita 1 kwa sekunde, utatua mbele kidogo ya ukuta, mita 1.1 hivi. Ukitoka mbio kwa mita 4 kwa sekunde, kwa sababu mwongozaji amepiga kelele "ongeza moto!", utatua mita 4.4 mbele. Godoro la kulalia lina upana gani? Mwaka 2017, huko Georgia, Marekani, John Bernecker, mtu wa stanti aliyekuwa ameshafanya kazi katika filamu nyingi, alianguka kutoka balkoni ya kimo kama hicho chako wakati wa kurekodi tamthilia ya televisheni. Vya kumpokea vilikuwepo chini. Alivikosa kwa inchi chache, akagonga zege, akafariki. Yule alikuwa fundi, na alikuwa na timu.

Kuhusu sarakasi yako: ni mtaji mkubwa, ila ina tabia moja ambayo lazima uiache. Mwanasarakasi amefundishwa tangu utotoni kutua kwa miguu na kusimama wima. Kwenye mruko mrefu, miguu ikitangulia, vifundo vinavunjika na magoti yanakupiga usoni. Mtu wa stanti anatua kwa mgongo mzima, bapa, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, mikono imetawanywa, ili nguvu isambae mwilini badala ya kukusanyika sehemu moja. Kuruka kifudifudi kisha kugeuka mgongo dakika ya mwisho hujifunzwa kwanza kwenye trampolini, baadaye kwenye mita 2, ukiwa na mwalimu, na huongezi kimo mpaka cha chini kiwe kimekuingia damuni. Nimeona wanasarakasi hodari sana wakihangaika kwenye hatua hiyo, kwa sababu mwili unakataa kuachia miguu.

Hiyo sini yenu inawezekana bila mtu yeyote kuanguka mita 6. Shoti ya kwanza: kamera iwe chini, inaangalia juu, wewe unavuka ukingo wa balkoni na kuangukia jukwaa imara lenye magodoro, mita 1 chini ya ukingo, mahali kamera haioni. Jukwaa hilo lijengwe na fundi, liwe na kingo, na nawe ufungwe mkanda wa usalama na kamba iliyoshikizwa sehemu isiyong'oka. Shoti ya pili: mdoli wenye nguo za stelingi unarushwa, unaonekana kwa kitambo kidogo tu kwa mbali. Shoti ya tatu: wewe unajiangusha kutoka kimo cha kiuno juu ya godoro lililofunikwa mchanga, kamera ikiwa karibu na uso. Weka sauti ya kishindo kwenye uhariri, na mtazamaji ataruka kwenye kiti chake. Shoti ya tatu ndiyo inayouza tukio, kwa hiyo hapo ndipo muutumie muda wenu.

Swali la pili, kama kazi hii inalisha. Uingereza kuna rejista ya watu wa stanti tangu mwaka 1973, na anayeomba kuingia lazima athibitishe ustadi katika fani sita kutoka makundi mbalimbali: kupigana, kuanguka, kuendesha magari na kupanda farasi, wepesi na nguvu za mwili, na maji. Ukijipima kwa kipimo hicho utaona sarakasi inakugusia kundi moja au mawili tu. Marekani, chini ya mikataba ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, mtu wa stanti analipwa ujira wa siku, na juu yake nyongeza kulingana na hatari ya tukio, na nyongeza hiyo hulipwa tena kila teki, yaani kila tukio likirekodiwa upya. Tuzo za Emmy, za televisheni ya Marekani, zinawatambua waratibu wa stanti tangu mwaka 2002. Oscar walichelewa mno: walitangaza mwaka 2025 kwamba wataanzisha tuzo ya ubunifu wa stanti kwa filamu za mwaka 2027, itakayotolewa mwaka 2028. Watu walikuwa wakivunjika mifupa kwa ajili ya filamu miaka mia kabla ya hapo.

Kwetu hapa wengi ninaowafahamu wanaishi kwa kuchanganya: maonyesho ya sarakasi hotelini, kufundisha jimu, matangazo ya biashara, na stanti zikipatikana. Anayetaka kufika mbali alenge kuwa mratibu wa stanti, yule anayepima kimo, anayekagua maboksi, na anayeweza kumwambia mwongozaji "hairekodiwi leo" na ikawa hivyo. Katika kikundi chenu mtu huyo hayupo, nami ningependa uwe wewe. Kabla ya kazi yoyote dai mkataba wa maandishi unaosema nani analipa matibabu, jua hospitali iliyo karibu, na gari liwe tayari palepale na dereva wake ndani.

Kwa mwaka huu anza na maji na magari: jifunze kuogelea vizuri na kupiga mbizi, upate leseni ya udereva ya pikipiki na gari, uongeze mchezo mmoja wa mapigano wenye mikanda inayotambulika, judo ukipata, maana judo inafundisha kuanguka kabla ya kufundisha kumwangusha mwenzako. Jirekodi kila fani kwa klipu fupi, uso uonekane, bila muziki na bila kukata katikati ya tendo. Mratibu akiangalia klipu anatafuta vitu viwili: unatuaje, na unafanya nini sekunde mbili baada ya kutua.