Kwenu vijana mnaosugua filta ya tangi la samaki mpaka ing'ae

Juzi nimemkuta mwingine hapa Malindi, kainamia karo, mfereji umefunguliwa wote, anasugua vipete vya kauri vya filta kwa mswaki. Akanionyesha kwa furaha: "Mzee, ona vilivyotakata!" Nikamwambia ahesabu samaki wake leo, maana kesho kutwa hesabu itakuwa nyingine. Nawapenda, wanangu, lakini mnanichosha.

1. Sponji na vipete huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe. Yale unayotoa wakati wa kubadilisha yatie ndooni, kamulia sponji humo, rudisha. Ikibaki na rangi ya chai, iache hivyo. Klorini ya mfereji imetiwa kuua bakteria, na haitabagua wa kipindupindu na hao wako wanaoishi kwenye sponji na vipete, wakila amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki.

2. Usibadilishe vyote kwa pamoja. Hapa mimi niliungua. Nilikuwa nikitunza tangi la hoteli moja ya ufuoni, samaki aina ya siklidi wa Ziwa Malawi, wanaopenda maji magumu kama ya visima vyetu vya mawe. Bosi yuaja kutoka Italia, nami nataka sifa. Nikanunua sponji mpya, pamba mpya, vipete vipya. Vya zamani nikavitupa jaani, na kopo la filta nikaliosha kwa sabuni. Maji yakawa kama hayapo! Bosi akanipa bakshishi, nikaila.

Baada ya siku mbili samaki wako juu wanatweta. Nikasema ni hewa, nikaongeza pampu. Wakakataa chakula, nikasema wamechoshwa na kile cha zamani, nikawatilia kingine, kikaoza na kuzidisha amonia. Na maji yetu haya, pH, kile kipimo cha maji kuwa na asidi au magadi, ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara 10, na joto nalo huizidisha. Wakaanza kuelea pale mapokezi, mbele ya wageni na masanduku yao. Nikaenda kugombana na muuza chakula cha samaki, maskini ya Mungu, hana kosa. Jioni nikajikuta nyuma ya jikoni nafukua maganda ya madafu, natafuta sponji zangu. Nikazipata, zimekauka kau. Waliokufa nililipa kwa mshahara, na tangi likakaa zaidi ya mwezi kabla halijatulia.

Basi badilisha nusu, ngoja mwezi, ndipo uguse nusu ya pili. Mwenye kugandisha maziwa hubakisha kidogo ya jana. Nawe fanya hivyo. Pamba tu ndiyo ya kutupa kila ikichafuka.

3. Kaboni, ule mkaa wa filta, badilisha kila mwezi hivi. Ukitaka kuwatilia samaki dawa, toa kaboni kwanza, la sivyo dawa itanywewa na hiyo kaboni.

4. Zeolaiti, yale mawe ya kunyonya amonia, ni ya maji baridi, yasiyo chumvi. Kwenye chumvi huiachia amonia iliyoshika, na visima vya karibu na ufuo huingia chumvi, hasa kiangazi. Onja maji yako kabla ya kununua. Ulimi hauuzwi.

5. Stima ikipotea saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya filta hukosa oksijeni na kufa. Usiwashe tu ikirudi! Fungua, unuse. Ikinuka mayai viza, mwaga maji yote yaliyomo, suuza kwa maji ya tangi, kisha washa.

6. Wa maji ya bahari: msichote ghubani wakati wa kaskazi mto Sabaki ukiwa umeshusha udongo. Pamba itaziba hujamaliza kikombe cha chai. Na wewe unayejaza filta matumbawe uliyoyaokota ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi: mahali pale pamelindwa tangu 1968. Ukishikwa na askari wa wanyamapori, usinipigie simu.