Wigi: nywele za mtu au plastiki?
Shoga, lebo ya "nywele za mtu halisi" haithibitishi kitu, moto ndio unaothibitisha. Chomoa unywele mmoja kwenye hilo wigi lako, ushike kwa kibano juu ya sinki, uwashe kibiriti. Wa mtu huungua mara moja ukinuka kama manyoya ya kuku anayebabuliwa, ukabaki jivu linalosagika ukilifikicha. Wa plastiki hunywea, huyeyuka, na kwenye ncha pabaki tonge gumu kama kichwa cha pini. Lingoje lipoe kabla hujaligusa.

Jaribu sehemu tatu nne, mbele na nyuma, maana mawigi ya mchanganyiko yako mengi. Mimi nilidanganyika hivyo na duka moja hapa mjini: mbele nywele za mtu, nyuma za kiwandani. Nilijua siku nilipopitisha pasi, nyuma ikashikana kama uzi wa nailoni. Iliniuma, pesa niliiweka miezi.

Jina "Brazilian" kwenye wigi nalo ni la kibiashara tu, halikuambii nywele zimetoka wapi. Nywele nyingi za mtu sokoni hutoka India na China. Za India nyingine ni za mahujaji wanaonyolewa kwenye hekalu la Tirumala.

Na wigi likifura kidogo kwa unyevu wa bahari ukitoka kivuko cha Likoni, Mombasa, usilitupe. Nywele za mtu hunywa unyevu wa hewa, za plastiki karibu hazinywi.