Barua kwa mwanangu: kile kipindi cha Kolombia na yule dada aliyekununia

Mwanangu Neema,

Meseji yako nimeiona usiku nikashindwa kukujibu kwa vidole, haya mambo marefu, ndo nimekaa asubuhi hii na kikombe cha chai nikuandikie taratibu. Umesema ulimwambia yule dada wa Bogotá mnayefanya naye kazi kwamba umeangalia kipindi cha Anthony Bourdain, yule mpishi wa Kimarekani, alivyozunguka kwao anakula, ukakisifia kabisa, na yeye badala ya kufurahi akanuna, akakwambia basi na wewe umeshaona madawa ya kulevya. Sasa unaniuliza baba kosa langu nini, na we uliyefika kule, kipindi kinasema kweli au uongo?

Kosa huna. Na kipindi hakidanganyi, shida iko kwingine.

Nimekitafuta nikakiangalia tena, bando la wiki nzima limeisha na mama yako hajui. Ni ile Parts Unknown ya CNN, 2013, msimu wa kwanza kabisa, Kolombia ilikuwa ya tatu, na msimu huohuo jamaa akaenda mpaka Kongo. Anapita milimani, anashuka pwani ya Karibi, anaingia na huko ndani kunakolimwa koka, yale majani yanayotengenezewa kokeini. Bourdain alikuwa mlaji mwenye adabu, hilo simnyimi, hamcheki mtu kwa chakula chake na hajifanyi mjuaji kuliko mpishi. Na wala haikuwa mara yake ya kwanza, 2008 alishakwenda Cartagena na Medellín na kile kipindi chake cha zamani.

Ila mwanangu angalia chakula kinavyoletwa. Hakiji peke yake hata siku moja, lazima kisindikizwe na bunduki. Pablo Escobar, yule bosi wao wa madawa ya kulevya, aliuawa Desemba 1993, hesabu mwenyewe, mpaka kipindi kinatoka miaka karibu ishirini imeshapita lakini bado mgeni hawezi kuonja supu mpaka kwanza tukumbushwe zamani hapa ilikuwaje. Yaani sahani inageuka kuwa zawadi ya mgeni kwa kuwa hakuogopa kuja. Wakati huyo mama aliyepika, amepika hiyohiyo miaka yote ya vita, sokoni kaenda kwa mguu, watoto wamekula wakaenda shule. Tena siwezi kusema wangenyamaza, mkataba na wale waasi wa FARC umekuja kusainiwa 2016, kipindi kilishaonyeshwa zamani, kwa hiyo vita ilikuwa bado ipo na mtu asiyeitaja angekuwa anaficha. Mimi ninacholalamikia ni foleni tu, kwamba Escobar anatangulia na mama mwenye sufuria anafuata nyuma.

We mwenyewe unakumbuka ulivyonipigia ile mwaka juzi umefura, eti mtu amekuuliza kama mnalala na simba? Basi ndo hivyohivyo. Bourdain alipokuja kwetu, ile ya 2014, alikwenda Zanzibar akaenda na kwa Wamasai, sisi wa mtori na migomba hatukuonekana hata kwa mbali. Hajakosea, Zanzibar ipo na Wamasai wapo. Lakini mtu akiangalia ile akajua ameshaijua Tanzania, utamwambia nini?

Sasa nikuambie nilichokula mimi. Ulikuwa darasa la sita nadhani, nilipelekwa wiki sita kwenye mafunzo ya kahawa, Chinchiná huko Caldas, milima mitupu na migomba imechanganywa na mibuni, siku ya kwanza nilitaka kulia nikajiona niko Kibosho. Mchana tulikuwa tunakula wanapopaita corrientazo, maana yake chakula cha kawaida cha mchana cha bei poa. Inaanza supu, kila siku supu, hata jua liwe linachoma. Halafu sahani ina wali, maharage, kipande cha nyama chembamba kama soli ya kandambili, ndizi mbivu za kukaanga, kachumbari ya kuonja tu, na glasi ya juisi. Ndo wanachokula makarani, madereva, walimu. Kwenye tivii hukioni mara nyingi kwa sababu hakina sura, ni wali na maharage, nani atawasha kamera?

Wanachopenda kuonyesha ni bandeja paisa, ya upande wa Antioquia, kule Medellín. Ile ni sinia siyo sahani. Maharage mekundu, wali, nyama ya kusaga, ngozi ya nguruwe na mafuta yake imekaangwa mpaka inalia, soseji, yai juu, ndizi, parachichi, na arepa pembeni. Kwa kipindi inafaa sana maana inajaza kioo. Nyumba niliyofikia mimi iliwekwa mara moja tu, Jumapili, na baba mwenye nyumba alilala baada ya hapo mpaka magharibi. Na hiyo arepa usije ukadhani ni kitu cha ajabu, mkate wa mahindi wa duara, ile ya kwao haina hata chumvi, siku ya kwanza nilidhani dada wa jikoni amesahau. Unaila na siagi au jibini, unateremshia na aguapanela, yaani sukari guru imeyeyushwa kwenye maji ya moto. Bogotá sasa ndo wana kituko, wanatumbukiza kipande cha jibini ndani ya kikombe cha chokoleti ya moto, kinalainika, unakivua na kijiko. Nilikataa siku mbili, ya tatu nikawa naomba kiongezwe.

Na usiseme "chakula cha Kolombia" kama ni kimoja. Ile milima ya Andes ikiingia nchini kwao inagawanyika mistari mitatu, kila bonde limekaa kivyake, ndo maana wa milimani na wa pwani hawapikiani. Bogotá iko mita 2,600 na ushee, baridi mchana kweupe, kwa hiyo wao ni viazi. Supu yao ya heshima ni ajiaco, kuku na viazi vya aina tatu, kimoja kidogo cha njano kinavurugika chenyewe na ndo kinaifanya iwe nzito, na kipande cha hindi humohumo, mezani unaongeza krimu na parachichi. Ile Street Food ya Netflix ya 2020, sehemu ya Bogotá, imekaa sokoni La Perseverancia na akina mama wenyewe, hiyo nimeipenda zaidi, mwonyeshe na huyo rafiki yako uone kama atanuna.

Lakini harufu ya ajiaco haitoki kwenye kuku, inatoka kwenye majani wanaita guascas. Nilimwomba mama mpishi anionyeshe kabla hajayakatakata. Akaniwekea fungu mezani, nikayageuza, nikacheka peke yangu. Neema, ni yale magugu! Yale yenye kiua kidogo cheupe, katikati njano, yanayojaa kwenye maharage mvua zikianza, tunayang'oa tunawatupia mbuzi. Ni hayohayo kabisa, nimeshika kwa mkono wangu.

Pwani ndo kabisa ungejisikia uko Tanga. Cartagena wanakula wali wa nazi na samaki mzima wa kukaanga, ila tui wanalichemsha kwanza mpaka linakauka, mafuta yanajitenga na yale machicha yanakuwa kahawia, wanaita titoté, ndo mchele unaingia, wali unatoka na rangi na utamu fulani. Mjini wamejaa kina mama wa gauni za rangi na beseni la matunda kichwani, kila kipindi kinawapitisha sekunde tatu nne kama mapambo. Wale wanatoka San Basilio de Palenque, kijiji cha watumwa waliotoroka wakajitawala wenyewe, lugha yao Kihispania kimechanganyika na Kikongo. Ng'ombe wanamwita ngombe! Nilikuwa nimenunua kwa mmoja wao pipi za nazi, kashata tupu, mtu ananitafsiria, kufika kwenye ng'ombe nikamwambia hapo acha nimeelewa. Yule mama alicheka mpaka akatua beseni chini. Hapo ungeweza kutengeneza kipindi kizima, lakini watu wanalipa wapige nao picha wanaondoka.

Kahawa sitakuchosha, nikianza humalizi. Ujue tu kahawa yetu na ya Kenya kwenye soko la dunia imewekwa kundi moja na yao, na kundi lenyewe linaitwa kwa jina lao. Na ile nzuri wanasafirisha kama sisi, barabarani wao wanauziwa tinto, yaani kahawa nyeusi, kwenye chupa ya chai, nyepesi tena ya sukari, na hakuna anayelalamika.

Huyo dada usimwombe msamaha kwa kipindi, hukukitengeneza wewe. Muulize kwao mchana wanakula nini. Na niulizie guascas wanatia kiasi gani, maana nilichuma za shambani mwaka jana nikajaribu kwa kuku wa kienyeji na viazi vya hapahapa, nikatia kiganja kizima, mama yako kaonja kijiko kimoja akaniuliza kama nimepika cha watu au nimepika cha mbuzi.

Baba yako