Kujitolea kwenye shule ya muziki ya watoto wasio na uwezo: majibu ya aliyekaa ndani

Mleta mada umeuliza mambo mawili. Kwanza hujui kupiga ala yoyote ila unatamani kusaidia shule ya muziki ya bure inayofundisha watoto wa familia zisizojiweza, je utafaa? Pili una vayolini ya zamani imelala juu ya kabati, uwapelekee au uwape hela? Mimi nimekaa kwenye shule ya namna hiyo miaka kadhaa, niliingia kama mwalimu wa gitaa wa Jumamosi nikaishia kuwa ndo napanga watu wote wa kujitolea, kwa hiyo haya siyo ya kusimuliwa. Jibu fupi: utafaa, tena mtu asiyejua muziki tunamtafuta kwa tochi. Jibu refu ndo hili, vumilia.

Tuanze na hiyo vayolini maana watu wengi wanaanzia hapo hapo. Vayolini ina saizi. Ya mtu mzima ni 4/4, zinashuka 3/4, 1/2, 1/4, 1/8 mpaka 1/16 ya vitoto kabisa. Mtoto wa miaka saba mara nyingi yuko kwenye 1/4 au 1/2 kutegemea urefu wa mkono wake, na ile ya juu ya kabati karibu kila mara ni 4/4. Ukimlazimisha nayo bega linapanda, shingo inakakamaa, kidole cha nne hakifiki kwenye uzi, na baada ya muda anaamua muziki siyo fungu lake kumbe tatizo lilikuwa mbao. Haimaanishi usilete, wakubwa wapo wa kuitumia, ila uliza kwanza wana upungufu wa saizi gani.

Halafu kabla hujaibeba itikise taratibu. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, hako ni kajiti kanakosimama chini ya daraja (kale kabao kanakobeba nyuzi) kati ya mbao ya juu na ya chini. Hakajagundishwa, kanashikiliwa na mkazo tu, na nyuzi zikilegea zote kwa pamoja kanaanguka. Kakiwa kameanguka usithubutu kukaza nyuzi, mbao ya juu inaweza kuzama au kupasuka kabisa. Kukasimamisha kunataka fundi mwenye kichuma chake kilichopinda, anakapenyeza kupitia lile tundu lenye umbo la f huku anachungulia kama anatoa mwiba. Nimeshamuangalia fundi akihangaika nako muda mrefu mpaka kakakaa, na ile kazi inalipwa, sasa mtu analeta vayolini tano za hivyo "msaada" halafu anataka apigwe picha akikabidhi, shule inabaki na bili ya fundi.

Na watu wa namna hiyo huwa wanatutajia ile okestra ya Cateura kule Paraguay, wale watoto wanaopiga ala zilizoundwa na vitu vya jalalani chini ya Favio Chávez. Ni kweli na ni kitu kizuri sana, lakini jamani zile ala ziliundwa na fundi mwenye mikono yake, kila kopo limechaguliwa likakatwa likajaribiwa. Haina maana ndo utuletee jalala.

Ukitaka kutufurahisha kweli leta nyuzi. Uzi wa E ndo mwembamba kuliko wote na ndo unaokatika hovyo, mtoto anakaa darasani anaangalia wenzake wanapiga. Leta ridi za klarineti na saksofoni, vile vipande vyembamba vya mwanzi vinavyofungwa kwenye mdomo wa ala, maana vinachakaa haraka na hakuna mtoto anayetakiwa kushea ridi na mwenzake, mate ni mate. Leta mafuta ya vali za tarumbeta, rozini (ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde), stendi za nota. Hakuna anayepiga picha na chupa ya mafuta ya vali, ndo maana haziletwi. Ile okestra ya Kinshasa aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994 ilikuwa na kipindi uzi wa vayolini ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli, na ala moja inapokezanwa na watu kadhaa. Kwa hiyo pakiti moja ya nyuzi usiidharau.

Sasa wewe usiyejua muziki. Fikiria darasa la watoto ishirini wa vayolini, kila moja ina nyuzi nne, zote zimetoka kwenye mabegi zikiwa zimeshuka kila moja kivyake. Mwalimu akianza kutyuni, yaani kurudisha nyuzi kwenye sauti zake, moja moja nusu ya kipindi imeisha na watoto wa mwisho washaanza kupigana na pinde. Akiwepo mtu mmoja anayefika mapema na simu yenye programu ya kutyuni, uzi wa A usome 440 (mitetemo kwa sekunde), akipita ya kwanza mpaka ya mwisho kabla watoto hawajaingia, umempa mwalimu kipindi kizima. Na hiyo kazi unafundishwa siku moja: unatumia vile viskrubu vidogo vya kwenye mkia, masikio ya juu, vile vigingi vya kichwani, huyagusi mpaka uzi uwe umeshuka sana, ukiyakaza kwa pupa uzi unakurukia usoni. Tulikuwa na dada mmoja mhasibu hajui hata do re mi, akawa ndo mtyuni wetu, na baadaye sikio lilimkaa akawa anajua vayolini ya nani inadanganya kabla hajafungua simu.

Kazi nyingine ni daftari. Ala ipi iko kwa mtoto yupi, imetoka lini, imerudi ikiwa na hali gani, kila kasha lina namba. Inaonekana kazi ya kitoto ila shule nyingi zinapoteza ala hapa, haziibwi bali zinasahaulika: mtoto amehama, kasha limebaki kwa shangazi, mwalimu aliyelitoa keshaacha kazi. Mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia na daftari anaokoa vitu kuliko mfadhili wa kununua vipya.

Halafu kuna wazazi na walezi, na hapa ndo nitakaa kidogo maana watu wa muziki wengi wetu ni wabovu kwenye hili. Mtoto asipofanya mazoezi nyumbani haendi popote, wiki kwa wiki anarudia palepale. Ila nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja, kuna mtu wa zamu ya usiku amelala, kuna mtoto mchanga, na vayolini ya mwanafunzi mpya tusidanganyane inakera. Juu ya hapo mzazi anaiogopa ile ala. Kweli kabisa, anaiogopa, akiwaza ikivunjika nitadaiwa na nitalipa nini, kwa hiyo anaifungia juu na mtoto haigusi mpaka siku ya darasa, halafu sisi tunasema mtoto mvivu. Mama mmoja wa kujitolea, muuguzi mstaafu, ndo aliyetufumbua macho kwa sababu yeye alikuwa anakwenda majumbani na kukaa na watu kuongea mambo yao yote kabla ya muziki. Ikaandikwa karatasi moja kwa lugha ya kawaida kwamba ikivunjika kwa ajali hudaiwi, leta tu mapema, na ukumbi ukawa unafunguliwa jioni kwa wale wasio na pa kupigia. Huyo mama hajawahi kushika upinde maisha yake yote.

Kwa hiyo nafasi zipo, swali ni je utadumu? Hapa nitasema bila kupepesa macho, shida kubwa ya watu wa kujitolea ni nguvu ya soda. Mwezi wa kwanza anakuja kabla ya mlinzi, wa pili anatuma meseji "leo nimebanwa", wa tatu simu haipokelewi. Kwenye kazi nyingine labda siyo neno, ila kwenye ala mtoto aliyeanza juzi akikosa wa kumrekebisha wiki tatu mfululizo ule mshiko mbaya unakuwa mshiko wake, kuutoa baadaye ni kazi kuliko kufundisha upya. Na mtoto ambaye watu wazima washampotea sana maishani akipotewa na mwingine tena anajua la kufanya, anaacha yeye kwanza. Bora uahidi saa moja kwa wiki ukaitimiza muhula mzima kuliko kuahidi siku tatu. Sisi tukawa hatumpi mtu mtoto mpaka amalize kwanza kipindi cha kutyuni na kupanga viti, wanaokuja kuuza sura wanachujika wenyewe.

Wageni wataalamu nao, wale wa kuja siku mbili kuendesha semina, nina maneno nao ila nitafupisha. Watoto wanafurahi, kweli. Lakini kuna mgeni anabadilisha mshiko wa upinde wa darasa zima halafu anapanda ndege, Jumatatu mwalimu wa kila siku anaanza ubishi na watoto "mbona yule alisema hivi". Mgeni mzuri anamuuliza mwalimu kwanza tufanye nini, na muda wake mwingi anautumia kwa mwalimu kuliko kwa watoto.

Kuhusu hela. Mchango mdogo wa kila mwezi unaojulikana utakuja unatufaa kuliko mchango mkubwa wa mara moja, kwa sababu gharama za shule hizi ni mishahara ya walimu, nauli za watoto, umeme, mlinzi, na hizo zinakuja kila mwezi hazingoji hafla. Tatizo kila mfadhili anataka hela yake inunue tarumbeta yenye stika ya jina lake, hakuna anayetaka stika kwenye mshahara wa mlinzi. Matokeo yake unakuta shule ina tarumbeta saba kabatini na hakuna mwalimu wa tarumbeta. Ukichangia andika kabisa "itumike panapohitajika", halafu dai ripoti, hiyo ni haki yako na shule ya maana haikasiriki.

Na kuna wale wanaosema mbona Venezuela waliweza kwa moyo tu. Hapana mkuu. El Sistema, ule mpango wao wa kufundisha watoto muziki wa José Antonio Abreu, ilianza 1975 kwa mazoezi ya vijana wachache, sawa, lakini ilikua kwa pesa ya serikali, serikali moja baada ya nyingine kwa miongo, na Abreu mwenyewe alikuwa mchumi aliyejua milango ya kugonga. Gustavo Dudamel aliyepitia mfumo huo mpaka akakabidhiwa kuongoza okestra ya Los Angeles Philharmonic kule Marekani mwaka 2009 alifundishwa na watu waliolipwa. Watu wa kujitolea wanabeba mengi ila mwalimu mkuu wa ala lazima alipwe, vinginevyo siku akipata kazi ya harusini Jumamosi anakwenda na mimi simlaumu.

Kitu ambacho hakigharimu sana na kinafanya kazi ni wanafunzi wakubwa kufundisha wadogo. Ghetto Classics, programu ya muziki kule Korogocho, Nairobi, iliyoanza 2008 na Elizabeth Njoroge, wanajulikana kwa hilo, na sisi pia tuliona: mtoto wa miaka kumi anamsikiliza wa miaka kumi na sita kuliko anavyonisikiliza mimi, na yule mkubwa anapolazimika kueleza ndo anaelewa alichokuwa anafanya kwa mazoea. Mfadhili anayetaka jambo la maana alipie posho za hao wakubwa, maana umri huo ndo nyumbani wanaambiwa acha michezo katafute hela.

Usalama wa watoto usichukulie poa. Masomo ya ala ni ya mtu na mtu, na mwalimu anagusa mkono, bega, kidevu. Kwa hiyo mlango uwe na kioo au uwe wazi, unaomba ruhusa kabla ya kumgusa, humpeleki mtoto kwako, humtumii meseji za faragha. Shule isiyokuuliza wewe ni nani, haitaki wadhamini wala hati ya polisi, jiulize imeshaingiza watu wa aina gani kabla yako. Na picha ni hivyohivyo. Mtoto wa miaka kumi na tatu anasoma anachoandikwa chini ya picha yake, na wenzake shuleni wanasoma pia. Kijana wetu mmoja wa tromboni alikataa kupanda jukwaani kwa sababu bango lilimwita "mtoto wa mtaani", na mtaani hajawahi kulala hata siku moja, ana bibi yake. Andika anapiga tromboni, basi inatosha.

Siku ya onyesho siti za mbele ni za familia. Tulishawahi kuwa na kampuni moja iliyodhamini ikajaza mbele watu wake na makoti yao, bibi za watoto wakasimama ukutani wanachungulia migongo ya watu. Mwaka uliofuata wafadhili wakawekwa safu ya nne, mmoja alinuna akaacha kuchangia, na tuliishi.

Mwisho, ukiamua kuondoka, na utaondoka siku moja maana watu wanahama wanaoa wanapata kazi, sema muhula mmoja kabla. Waage watoto kwa mdomo wako, usipitie mlango wa nyuma. Na uache daftari: kila mtoto yuko ukurasa gani wa kitabu, wimbo gani anaupenda, kidole gani kinamsumbua, nani anapigiwa simu asipokuja. Aliyenirithi darasa la gitaa alilichukua daftari Ijumaa, Jumamosi akaanzia tulipoishia, na mtoto mmoja akamuuliza amejuaje kwamba yeye hapendi kuanza na mazoezi ya skeli.